Mlango wa Ofisi na Mlango wa Rufaa: Migogoro ya Kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere



Mfanyakazi wa chuo kikuu akikosana na mkuu wake wa kazi, aende wapi? Ukiwauliza watu kumi, tisa watakujibu mara moja: aende ofisi ya rasilimali watu. Jibu hilo si baya, ila limekatika katikati. Ofisi hiyo ni ya mwajiri. Mwajiri ndiye aliyeianzisha, ndiye anayewalipa maofisa wake, na ndiye anayewapa maagizo. Basi mnyonge anapobisha hodi pale, huenda anambishia hodi yule yule anayemlalamikia, au walau jamaa yake wa karibu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba msaada wa ofisi hiyo huwa wa kweli pale ambapo nyuma yake pana mlango mwingine, ambao mwajiri hana ufunguo wake. Nimechagua historia ya Makerere kuwa mfano, kwa sababu wengi wenu mnatamani kusoma pale, na baadhi yenu, Mungu akipenda, mtaajiriwa pale.

Kabla ya kuingia katika historia, tuyaweke sawa maneno, maana mengi huchanganywa. Ugomvi ni wa watu wanaofokeana. Mgogoro wa kazi si lazima uwe na kelele. Wanaohusika wanaweza kuwa wanasalimiana kwa adabu kila asubuhi huku mmoja akiwa amenyimwa cheo, likizo au ofisi. Lalamiko ni neno analolipeleka mtu anayejiona amedhulumiwa. Likishapokelewa na chombo chenye mamlaka ya kulisikiliza, lalamiko huwa shauri. Kusuluhisha ni kuwasaidia wenye mgogoro wafikie makubaliano yao wenyewe, ilhali kuamua ni kutoa uamuzi unaowabana wote wawili, wapende wasipende. Majirani zetu wa Tanzania wameyaweka maneno hayo mawili katika jina la chombo kimoja, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyotokana na sheria za kazi za mwaka 2004. Jina hilo peke yake ni somo: kwanza jaribuni kupatana, mkishindwa mtaamuliwa. Mtu aliyeachishwa kazi hupewa siku 30 tu kulifikisha shauri lake mbele ya Tume hiyo, na watumishi wa umma wana njia yao nyingine, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma.

Tazameni pia neno lenyewe la ofisi hii. Zamani iliitwa ofisi ya utumishi, na mahali pengi bado inaitwa hivyo. Mtumishi na mtumwa wametoka katika kitenzi kimoja, kutuma; wote wawili ni watu wa kutumwa, tofauti yao ikiwa kwamba mmoja ana mkataba na mshahara. Siku hizi tunasema rasilimali watu. Wengine huliona jina hili kuwa la heshima zaidi. Mimi silioni hivyo: rasilimali ni mali ya kuzalishia, kama shamba au ng'ombe wa maziwa, na sijui kama ng'ombe husikia fahari akiitwa rasilimali. Lakini jina limekwisha kukubalika, nami nitalitumia.

Ofisi ya namna hii haikuzaliwa chuoni. Ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1896, katika mji wa York nchini Uingereza, kiwanda cha peremende na chokoleti cha Rowntree kilimwajiri mwanamke aliyeitwa Mary Wood ili aangalie hali ya wasichana waliofanya kazi humo: afya zao, chakula chao, nidhamu yao. Mwaka 1913 watu wa kazi kama yake walikutana katika mji huo huo wakaanzisha chama chao, ambacho ndicho babu wa chama cha sasa cha wataalamu wa rasilimali watu wa Uingereza. Kule Marekani, katika mji wa Dayton, kampuni ya kutengeneza mashine za kuhesabia fedha ilianzisha idara ya kazi baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1901. Hapo mnaona asili mbili za ofisi moja. Ya York ilitokana na huruma, ya Dayton ilitokana na hofu ya mgomo. Lakini zote mbili zilianzishwa na mwenye mali, kwa faida ya kazi yake, na hakuna aliyelificha jambo hilo. Ofisa wa rasilimali watu anayesema "niko hapa kwa ajili yenu" hasemi uongo. Ila amesema nusu ya maneno.

Vyuo vikuu, kwa upande wao, vilikuwa na njia yao ya kale zaidi ya kumaliza magomvi, na njia hiyo ndiyo iliyosafiri mpaka Kampala. Ili tuielewe, hatuna budi kwenda mbali kidogo, mpaka Oxford katika karne ya 17. Vyuo vya huko vilianzishwa na matajiri na maaskofu waliotoa mali zao na kuandika kanuni. Mwanzilishi alijua kwamba atakufa. Kwa hiyo aliteua mtu wa kuja kukagua mara kwa mara kama kanuni zake zinafuatwa. Kwa Kiingereza mtu huyo huitwa kwa neno lile lile la mgeni anayetembelea nyumba ya watu. Kwa kukosa jina lililozoeleka katika Kiswahili, hapa nitamwita Mkaguzi. Si mgeni wa kukaribishwa chai. Akija, yeye ndiye hakimu.

Mwaka 1689, katika Chuo cha Exeter, mojawapo ya vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford, mkuu wa chuo aliyeitwa Arthur Bury alimfukuza mwanachuoni mmoja, James Colmer, kwa tuhuma za uzinzi. Colmer hakukubali. Hapakuwa na ofisi ya utumishi wala chama cha wafanyakazi, ila alikuwapo Mkaguzi, Jonathan Trelawny, Askofu wa Exeter. Colmer alimpelekea lalamiko lake, na askofu akaagiza kwamba arudishwe. Bury akakaidi. Askofu alipofika mwenyewe mwaka 1690 alifungiwa mlango. Hakuondoka moja kwa moja. Alirudi tena, akaketi kama hakimu, na mwisho wake akamvua Bury ukuu wa chuo. Sasa ikawa zamu ya Bury kulalamika. Mvutano ulifika mahakamani katika sura ya kesi ya nyumba, kwa kuwa Bury hakutaka kutoka katika nyumba ya mkuu wa chuo. Majaji wengi wa mahakama ya kwanza walimpa haki Bury, lakini mwaka 1694 Baraza la Malodi lilibatilisha hukumu yao na kusema kwamba neno la Mkaguzi katika mambo ya ndani ya chuo ni la mwisho, na mahakama za kawaida hazina ruhusa ya kulichunguza upya.

Kesi hiyo ya nyumba moja iliwabana wafanyakazi wa vyuo vya Uingereza kwa karibu miaka 300. Hata mwaka 1987, mhadhiri aliyeachishwa kazi na Chuo Kikuu cha Bradford aliambiwa na Baraza lile lile la Malodi kwamba mlango wake ni wa Mkaguzi, si wa mahakama. Sheria ya elimu ya mwaka uliofuata ndiyo iliyomwondolea Mkaguzi mamlaka juu ya migogoro ya ajira. Tangu hapo mhadhiri wa Uingereza anaweza kumshtaki mwajiri wake kama anavyoweza dereva au mpishi.

Sasa turudi nyumbani. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London; mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa mkuu wake; tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ikachukua chake. Kwa njia hiyo ya London tulirithi majoho, mabaraza, vyeo vya heshima, na pia Mkaguzi. Leo Mkaguzi wa vyuo vikuu vya umma vya Uganda si askofu. Ni Rais wa nchi.

Lakini kabla ya kufika leo, lazima tupite katika miaka ambayo hakuna mlango uliofaa kitu. Katika utawala wa Idi Amin, ambaye mwenyewe alikuwa mkuu wa Makerere, Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwezi Oktoba 1972 na hakuonekana tena. Fikirini maana yake. Huyu ndiye aliyekuwa mwajiri wa wote pale mlimani, mtu ambaye malalamiko ya wahadhiri na wapishi yaliishia mezani pake, naye hakuwa na pa kulalamika. Mwaka 1976 mwanafunzi wa Kikenya, Esther Chesire, alitoweka. Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa wasichana katika bweni la Africa Hall, alitakiwa kutoa ushahidi juu ya kutoweka huko. Aliuawa mwaka huo huo. Kazi yake ilikuwa kujua wasichana wake wako wapi, na kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Ninapowafundisha wanafunzi neno utaratibu, ambalo wengi huliona kuwa neno la kuchosha, huwatajia majina haya mawili.

Baada ya vita, mishahara ikawa haina thamani. Mhadhiri wa miaka ya 1980 aliweza kuwa na shahada tatu na kuku mia mbili, na kuku ndio waliomlisha. Katika hali hiyo wahadhiri walijipanga katika jumuiya yao, MUASA. Maofisa wa utawala nao wakawa na yao, MASA. Na wafanyakazi wasaidizi, yaani wapishi, madereva, wahudumu wa maabara na wengineo, wakawa chini ya chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa taasisi za elimu, NUEI. Vyombo hivi vitatu havilingani kwa nguvu, na mgeni akifika Makerere atagundua upesi kwamba mgomo wa wahadhiri hutangazwa redioni siku ile ile, ilhali lalamiko la mpishi husubiri. Hata hivyo chama ni kitu kikubwa. Mtu akiitwa mbele ya kamati peke yake ni mtuhumiwa. Akiitwa pamoja na mwakilishi wa chama chake ni mwanachama mwenye haki zake.

Tusidhani kwamba jambo hilo lilipatikana kwa urahisi kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma, dai lao kubwa likiwa kuandikishwa kwa chama chao, UASU. Hawakuwa wakidai fedha kwanza. Walidai ruhusa ya kuwa na mdomo mmoja. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikataa, na viongozi wa mgomo walifutwa kazi. Chama hicho hakikuandikishwa hadi mwaka 2003, baada ya serikali kubadilika. Miaka kumi yote hiyo mhadhiri wa Nairobi au Egerton mwenye lalamiko alikuwa na ofisi ya utumishi mbele yake na ukuta nyuma yake.

Uganda ilijenga mlango wake wa pili kwa sheria. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 iliweka katika kila chuo kikuu cha umma Bodi ya Uajiri, yenye kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo, kuonya na kuachisha kazi. Kisha ikaweka Baraza la Rufaa la Watumishi, ili mtu asiyeridhika na uamuzi wa Bodi apate pa kukata rufaa. Mwenyekiti wa Baraza hilo sharti awe mwanasheria wa kiwango cha kufaa kuwa jaji. Angalieni busara ya mpango huo: ofisi ya rasilimali watu hupokea faili, Bodi huamua, Baraza husikiliza rufaa. Mikono mitatu tofauti. Angalau ndivyo ilivyoandikwa.

Mwaka 2006 zikaja sheria nyingine mbili, zinazowahusu wafanyakazi wa kila aina. Sheria ya Ajira inasema kwamba mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi kwa kosa la utovu wa nidhamu au kwa utendaji mbaya bila kumweleza sababu, na kwamba maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa. Wanafunzi wangu, hapa pana kazi kwenu. Mtunza bustani kutoka Arua anayejua Kilugbara na Kiswahili ana haki ya kusomewa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, si kukabidhiwa barua ya Kiingereza na kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Sheria hiyo pia inampa haki ya kuja na mtu amtakaye katika kusikilizwa kwake, na kupewa muda wa kujitayarisha. Akisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi, anapaswa kulipwa nusu ya mshahara, na kusimamishwa huko kusizidi wiki nne. Na akiona ameachishwa kazi isivyo haki, ana miezi mitatu ya kumfikia ofisa wa kazi wa wilaya. Sheria ya pili ya mwaka huo ilihusu Mahakama ya Viwanda, ya kusikiliza migogoro ambayo ofisa wa kazi ameshindwa kuimaliza. Ila Mahakama hiyo haikuanza kusikiliza mashauri kwa dhati hadi mwaka 2014. Kwa miaka minane mlango uliandikwa katika karatasi, lakini mbao zake zilikuwa bado hazijapasuliwa.

Mambo yote haya yalijaribiwa mwaka 2016, mwaka ambao Makerere ilipata migogoro miwili mikubwa, mmoja wa watu wawili na mwingine wa watu maelfu.

Wa kwanza ulitokea katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii, iliyoongozwa tangu mwaka 2010 na Profesa Mahmood Mamdani. Taasisi ilikuwa imeanzisha masomo ya uzamivu, na watafiti wake walitakiwa wafundishe. Dkt. Stella Nyanzi alikataa, akisema kwamba aliajiriwa kufanya utafiti, si kufundisha. Uongozi wa taasisi ulisema kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi, na kwamba asiyefundisha hawezi kuendelea kushikilia ofisi. Ofisi yake ikafungwa. Tarehe 18 Aprili 2016 alivua nguo hadharani, mbele ya wapiga picha, na nchi nzima ikaanza kubishana juu ya mwili wake, si juu ya mkataba wake.

Msinitake niwaambie nani alikuwa na haki. Mkataba ule sikuuona. Ninachotaka mkione ni umbo la mgogoro. Swali lililogombewa lilikuwa dogo na la kawaida kabisa: je, maelezo ya kazi yanasema nini? Ni swali ambalo ofisi ya rasilimali watu ingeweza kulijibu mezani kwa kufungua faili moja, miaka kadhaa kabla. Lilipoachwa, likakua. Kuvua nguo ni silaha ya mwisho kabisa katika mila za watu wengi wa Afrika Mashariki. Akina mama waliodai wana wao wafungwa waliitumia katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 1992. Ni kilio cha mtu anayeona kwamba hana tena mamlaka ya kumwendea. Kwamba ilitumika ndani ya chuo kikuu chenye Bodi, Baraza na kurugenzi nzima ya rasilimali watu, ni jambo la kufikirisha. Profesa Mamdani naye hakuwa mgeni wa mambo haya: mwaka 1998 alivutana vikali na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town kuhusu kozi ya masomo ya Kiafrika aliyotakiwa kuiandaa. Shauri la Dkt. Nyanzi hatimaye lilifika mbele ya Baraza la Rufaa, nalo likaamua kwa upande wake, ingawa uamuzi huo haukuumaliza mvutano kati yake na chuo.

Mgogoro wa pili ulihusu malimbikizo ya posho ambazo wahadhiri walisema hawajalipwa kwa miezi mingi. Waligoma, wanafunzi nao wakaandamana, na tarehe 1 Novemba 2016 Rais Yoweri Museveni akaamuru chuo kifungwe. Hakikufunguliwa hadi Januari 2017. Kisha Rais, kwa cheo chake cha Mkaguzi, aliunda kamati ya ukaguzi iliyoongozwa na Dkt. Abel Rwendeire ili ichunguze kwa nini Makerere haikaliki. Ndiyo, Mkaguzi yule yule. Cheo ambacho kule kilikozaliwa kimekwisha kuvuliwa mamlaka juu ya ajira, hapa kwetu bado kina nguvu ya kufunga lango. Tofauti ni kwamba askofu wa mwaka 1690 alifungiwa mlango na wanachuo, na mwaka 2016 Mkaguzi ndiye aliyewafungia wanachuo mlango. Makumi ya maelfu ya wanafunzi walifungasha magodoro yao siku ile, wakiwemo wasiojua hata posho iliyogombewa ilikuwa ya nini.

Je, basi, ofisi ya rasilimali watu haina maana? Ina maana kubwa, na yeyote anayewaambia mwiruke aende mahakamani anawapoteza. Rufaa haizuki hewani. Baraza na mahakama husoma karatasi, na karatasi hizo huzaliwa katika ofisi ya chini: barua ya lalamiko yenye tarehe, jibu lake au kukosekana kwa jibu, kumbukumbu za kikao, orodha ya waliohudhuria. Mhudumu wa maabara aliyelalamika kwa mdomo ukumbini mara kumi, mbele ya sheria hajalalamika hata mara moja. Aliyeandika ukurasa mmoja, akaupeleka kwa ofisa, na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa, amekwisha kuweka jiwe la msingi. Na mara nyingi jiwe hilo lenyewe hutosha. Ofisa anayejua kwamba barua hii inaweza siku moja kusomwa na jaji huijibu kwa uangalifu kuliko ile ambayo haitatoka katika saraka yake. Hii ndiyo maana yangu niliposema kwamba mlango wa nyuma ndio unaoufanya wa mbele ufunguke.

Mambo ya unyanyasaji wa kijinsia yanalionyesha hili kwa uchungu zaidi, kwa sababu huko mlalamikaji huona aibu hata kuandika. Sheria ya Ajira inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuuzuia. Makerere ilikuwa na sera yake tangu mwaka 2006, mwaka ule ule wa sheria. Hata hivyo mwaka 2018 malalamiko yalizidi kiasi cha chuo kuunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria hapo hapo, na baada ya kazi yake sera ikafanyiwa marekebisho. Miaka 12 sera ilikuwapo. Msichana wa mwaka wa pili au katibu muhtasi wa idara hakukosa kanuni. Alikosa mtu wa kumpokea ambaye hakuwa rafiki wa anayelalamikiwa.

Limebaki kundi moja, ambalo katika mabishano ya wasomi halitajwi sana. Vyuo vikuu vingi vya ukanda huu siku hizi haviajiri tena wafagiaji na walinzi wao. Huwachukua kutoka kampuni binafsi kwa zabuni. Mama anayefagia ukumbi wa mihadhara saa kumi na moja alfajiri huvaa sare yenye jina la kampuni, akiudhiwa na ofisa wa chuo akaenda ofisi ya rasilimali watu ataambiwa kwa upole kwamba yeye si mtumishi wa chuo. Bodi ya Uajiri haimjui. Baraza la Rufaa halimjui. Amebakiwa na msimamizi wake, ambaye anaogopa kupoteza zabuni, na ofisa wa kazi wa wilaya, ambaye ofisi yake ni nauli mbili za matatu kutoka mlimani. Na kama kampuni hiyo ina wafanyakazi ishirini tu, sharti lile la hatua dhidi ya unyanyasaji haliihusu, kwa kuwa sheria ilianza kuhesabu baada ya 25.